Kutoka Roseti hadi Kingamwili Mbili: Historia ya Upimaji wa Chaperonini 10

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya upimaji wa chaperonini 10, protini ndogo ambayo ndani ya mitokondria hufanya kazi ya chaperoni mwenza. Kwa muda wa miaka 20, kuanzia 1974 hadi 1994, tendo lililokuja kuhusishwa na protini hiyo lilijadiliwa katika majarida ya tiba ya uzazi kwa jina jingine kabisa, yaani kipengele cha ujauzito wa mapema. Tendo hilo lilionekana kwa njia moja tu: kuhesabu roseti za chembe za damu chini ya hadubini. Katika kipindi hichohicho, maabara nyingine zilikuwa zikijenga jaribio la kingamwili la sandwichi, ambalo hudai kingamwili mbili zikubaliane kabla ya tokeo kuandikwa. Insha inadai kwamba kukutana kwa njia hizi mbili hakukuleta jibu jipya kwa swali la zamani, bali kulibadilisha swali lenyewe: kutoka kuuliza seramu inatenda nini hadi kuuliza protini fulani imo kwa kiasi gani.

1.0 Utangulizi

Historia za vipimo vya maabara mara nyingi husimuliwa kama safari iliyonyooka. Kipimo kigumu hufuatwa na chepesi, chenye makosa hufuatwa na sahihi, na mwisho wa safari huwa ni kifaa kilichopo mezani leo. Masimulizi ya namna hiyo huacha jambo moja muhimu. Kipimo kipya kinapochukua nafasi ya kile cha zamani, si lazima vyote viwili viwe vinapima kitu kimoja, hata kama jina la kinachopimwa limebaki lilelile.

Chaperonini 10 ni mfano mzuri wa jambo hilo. Anayetaka kuipima leo huchukua bamba la plastiki lenye visima 96, lililopakwa kingamwili inayoinasa protini hiyo. Huongeza sampuli, huosha, huongeza kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, huosha tena, kisha husoma rangi inayotokea na kuilinganisha na mkunjo wa viwango rejea. Tokeo hutolewa kwa nanogramu katika mililita moja. Hatua hizo hazina fumbo. Fumbo limo katika historia iliyotangulia, ambamo watu walibishana kwa miaka mingi kuhusu kitu ambacho hakuna aliyeweza kukitaja kwa uzito, na ambacho kwa baadhi ya wanawake kilihusu swali zito kuliko yote: je, mimba imetunga au haikutunga, na kama ilitunga, imeharibika lini?

2.0 Tendo lisilo na mwili: jaribio la roseti

Mwaka 1953 Peter Medawar aliuliza kwa nini mwili wa mama haumkatai kijusi, ilhali nusu ya urithi wa kijusi hicho ni wa baba, na ilhali mwili huohuo hukataa kiungo kilichopandikizwa kutoka kwa mtu mwingine. Swali hilo liliwavuta wataalamu wa upandikizaji kuelekea uzazi, nao walikuja na zana zao wenyewe.

Zana mojawapo ilikuwa seramu dhidi ya limfositi. Seramu hiyo ilitengenezwa kwa kumchanja mnyama limfositi za spishi nyingine, na ilitumiwa kuzuia mwili usikikatae kiungo kipya. Ili kujua nguvu ya kila toleo la seramu, Bach na Antoine walieleza mwaka 1968 jaribio la kuzuia roseti. Limfositi zikichanganywa na chembe nyekundu za damu ya spishi nyingine, baadhi yake huzungukwa na chembe hizo kama kiini cha ua kilichozungukwa na petali. Mkusanyiko huo ndio roseti. Seramu dhidi ya limfositi huzipunguza roseti, na nguvu yake husomwa kwa kuizimua hatua kwa hatua mpaka ifike mahali ambapo haipunguzi tena.

Huko Brisbane, katika Chuo Kikuu cha Queensland, Halle Morton na wenzake walilitumia jaribio hilo kwa panya wenye mimba. Mwaka 1974 waliripoti kwamba limfositi zilizokutana na seramu ya panya hao zilizuiwa kwa urahisi zaidi: seramu dhidi ya limfositi iliendelea kufanya kazi hata ikiwa imezimuliwa kupita kiwango cha kawaida. Mwaka 1977 waliripoti tendo la namna hiyo katika seramu ya wanawake wajawazito. Walichokiita kipengele cha ujauzito wa mapema kilionekana mapema mno baada ya utungisho, kabla kiinitete hakijajipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba.

Uzito wa dai hilo unaeleweka ukilinganishwa na kipimo kilichokuwapo. Homoni ya kondo iitwayo hCG, ambayo ndiyo msingi wa vipimo vya mimba, huanza kuonekana kiinitete kinapojipachika, takriban siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka. Kabla ya hapo mimba haina sauti. Kipengele cha Brisbane kiliahidi kuupa ukimya huo sauti. Ikiwa tendo limetokea kisha likatoweka, ilionekana kwamba mtafiti angeweza kusema kuwa mimba ilikuwapo na imepotea, ingawa mwanamke mwenyewe hakuwahi kuchelewa kuona siku zake.

Hata hivyo, ahadi hiyo ilisimama juu ya mguu mmoja. Tokeo la jaribio la roseti halikuwa kiasi cha kitu chochote. Lilikuwa ni logi ya mzimuo. Lilitegemea toleo la seramu dhidi ya limfositi, hali ya limfositi zilizotumika, ubora wa komplementi, na jicho la mtu anayehesabu. Zaidi ya hayo, tendo halikusomwa moja kwa moja, bali kupitia tendo la seramu nyingine: kilichoonekana ni kwamba kitu fulani kimeongeza nguvu ya kitu kingine. Baadhi ya maabara zililipata tendo hilo, nyingine zikalikosa, na aliyelikosa hakuwa na njia ya kujua kama kipengele hakikuwamo au mkono wake haukuwa na ustadi wa kutosha. Hilo ndilo tatizo la shahidi mmoja. Akikosea, hakuna wa kumsahihisha.

3.0 Njia ya pili: kutoka insulini hadi sandwichi

Wakati mjadala huo ukiendelea, upimaji kwa kingamwili ulikuwa tayari na historia yake. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, waliofanya kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, walionyesha mwaka 1959 na 1960 kwamba insulini ya damu inaweza kupimwa kwa kuiacha ishindane na insulini iliyotiwa isotopu ya mionzi, zote zikigombea nafasi chache kwenye kingamwili. Insulini ya mgonjwa ikiwa nyingi, ile yenye mionzi hukosa nafasi, na ishara hupungua. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amefariki mwaka 1972.

Njia hiyo ya ushindani ilifungua uwanja mpana. Mwaka 1972 Vaitukaitis, Braunstein na Ross walieleza jaribio la namna hiyo lililolenga kipande cha beta cha hCG, na hivyo kuitenganisha homoni hiyo na homoni nyingine zinazofanana nayo. Lakini ushindani nao hutegemea kingamwili ya aina moja. Chochote kinachoisumbua kingamwili hiyo, hata kama si kitu kinachotafutwa, huonekana katika tokeo kana kwamba ndicho.

Hatua iliyobadilisha mantiki ilikuja mwaka 1968, Miles na Hales walipopendekeza kuitia alama kingamwili yenyewe badala ya antijeni. Mwaka 1971 Addison na Hales walieleza jaribio la sehemu mbili kwa homoni ya ukuaji: kingamwili moja iliyoshikizwa kwenye kitu kigumu huinasa homoni, na kingamwili ya pili yenye alama huishika homoni hiyohiyo mahali pengine. Homoni hubaki katikati, kama nyama kati ya vipande viwili vya mkate, na ndiyo maana ya jina sandwichi. Hapa ishara huongezeka kadiri kinachopimwa kinavyoongezeka, na molekuli isiyoshikwa na pande zote mbili haiandikwi.

Mabadiliko mengine mawili yaliiwezesha mantiki hiyo kuenea. La kwanza ni kimeng'enya kuchukua nafasi ya mionzi. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walichapisha jaribio walilolipa jina la ELISA, na mwaka huohuo Van Weemen na Schuurs wa kampuni ya Organon nchini Uholanzi wakachapisha la kwao. Maabara isiyo na vifaa vya kuhesabia mionzi sasa iliweza kupima kwa rangi. Mwaka 1974 Voller na wenzake walieleza namna ya kulifanyia jaribio hilo kwenye bamba la visima vidogo, na ugonjwa waliouchagua kulionyeshea ulikuwa malaria. La pili ni kingamwili monokloni, ambazo Georges Köhler na César Milstein walionyesha mwaka 1975 huko Cambridge namna ya kuzizalisha. Tangu hapo kingamwili ya kunasa na ya kutambua ziliweza kuchaguliwa kwa makusudi, kila moja kwa sehemu yake mahususi ya protini, na kutengenezwa upya bila kumtegemea mnyama mmoja aliye hai.

Manufaa ya mantiki hiyo kwa swali la mimba za mapema yalionekana mwaka 1988. Allen Wilcox na wenzake waliwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakijaribu kupata mimba, wakakusanya mikojo yao ya kila siku, na kuipima hCG kwa jaribio la kingamwili mbili. Walipata mimba 198. Asilimia 22 kati ya hizo ziliharibika kabla hazijatambuliwa kwa njia za kawaida, na jumla ya zilizoharibika, pamoja na zilizokwisha kutambuliwa, ilikuwa asilimia 31. Utafiti huo haukugusa siku zilizotangulia kujipachika kwa kiinitete, na haukudai kuzigusa. Nguvu yake ilikuwa katika mpaka huo. Ulisema kwa uhakika kile ambacho kingamwili mbili ziliweza kukishuhudia, na ukanyamaza pale ushahidi ulipokoma.

4.0 Chaperoni na wenza wake

Njia ya tatu katika historia hii ilianzia mbali na uzazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliokuwa wakichunguza virusi vya bakteria aina ya lambda waligundua bakteria wa *Escherichia coli* ambao ndani yao virusi hivyo vilishindwa kuunda vichwa vyake. Hitilafu ilikuwa kwenye jeni za bakteria, si za virusi, na jeni hizo zikaitwa groE. Baadaye ilidhihirika kuwa ni mbili: moja ya protini kubwa, GroEL, na nyingine ya protini ndogo, GroES.

Mwaka 1978 Ronald Laskey na wenzake walitumia neno chaperoni, yaani msindikizaji, kwa protini inayosaidia kujenga nukleosomu bila yenyewe kuwa sehemu ya jengo. R. John Ellis alilipanua neno hilo mwaka 1987 likawa jina la kundi zima la protini zinazozisindikiza nyingine wakati wa kujikunja, kisha huziacha. Mwaka 1988 Hemmingsen na wenzake walionyesha kwamba GroEL ina ndugu katika mimea, na jina la chaperonini likazaliwa. Mwaka uliofuata Goloubinoff na wenzake walifaulu kuikunja upya protini ya Rubisco ndani ya chupa ya maabara kwa kutumia GroEL, GroES na ATP.

Katika kazi hiyo GroES ni mwenza. Molekuli 7 zake huungana kuwa duara linaloufunika mdomo wa pipa la GroEL kama kifuniko cha chungu, na protini iliyomo ndani hupata faragha ya kujikunja. Kwa mamalia, pipa hilo ni chaperonini 60 na kifuniko chake ni chaperonini 10, zote mbili zikiwa wakazi wa mitokondria. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtafuta mkazi huyo wa ndani katika seramu ya mama mjamzito.

5.0 Mwaka 1994: njia zakutana

Kabla ya mwaka huo, tendo la roseti lilikuwa limeanza kuvuka mipaka ya jina lake. Kundi la Brisbane lilikuwa limeliripoti katika uvimbe wa saratani, na mwaka 1994 liliripoti pia katika ini la panya linalojijenga upya baada ya kukatwa. Kundi jingine la Australia lilikuwa mwaka 1991 limeihusisha protini tofauti, thioredoksini, na tukio hilohilo. Kipengele cha ujauzito kilikuwa kinaonekana pasipo na ujauzito.

Mwaka 1994 Alice Cavanagh na Halle Morton walichapisha usafishaji wa kipengele hicho hadi kikabaki peke yake. Malighafi haikuwa seramu ya wajawazito, bali chembe sahani za damu ya binadamu. Mpangilio wa asidi amino uliopatikana ulikuwa wa chaperonini 10. Waliripoti pia kwamba chaperonini 10 ilitenda katika jaribio la roseti, na kwamba chaperonini 60, mwenza wake wa asili, iliweza kuliondoa tendo hilo katika seramu ya ujauzito. Kitu kilichokuwa tendo tupu kwa miaka 20 sasa kilikuwa na mwili, uzito wa takriban kilodaltoni 10, na jeni.

Utambulisho huo unaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwa msomaji wa kwanza, ulikuwa ushindi: kipengele kilikuwapo muda wote, na waliokikosa walikosea. Kwa msomaji wa pili, ulikuwa ndio mwanzo wa matatizo. Protini inayopatikana katika takriban kila chembe yenye mitokondria haiwezi kwa kuwapo kwake tu kuwa alama ya mimba. Ikiwa chaperonini 10 ndiyo kipengele, basi kilichoitofautisha seramu ya mjamzito hakikuwa aina ya protini, bali kiasi chake, umbo lake, au njia iliyolifikisha nje ya chembe. Maswali ya namna hiyo hayajibiwi kwa kuhesabu roseti. Yanahitaji kipimo cha kiasi.

6.0 Sandwichi inashuhudia nini

Kwa kuwa protini ilikuwa na mpangilio unaojulikana, kingamwili dhidi yake zingeweza kutengenezwa na jaribio la sandwichi kujengwa. Hata hivyo, tabia za chaperoni mwenza huyu zinaonyesha kwa nini namba inayotoka kwenye bamba inahitaji kufasiriwa kwa uangalifu.

Kwanza ni umbo. Chaperonini 10 huweza kuwa duara la molekuli 7. Katika duara, kila sehemu ya protini imejirudia mara 7, hivyo hata kingamwili ya aina moja inaweza kuinasa upande mmoja na kuitambua upande mwingine. Duara likivunjika kuwa molekuli mojamoja, jaribio lililojengwa kwa namna hiyo halitaona chochote ingawa protini haijapungua. Kingamwili mbili za sehemu tofauti huondoa hatari hiyo, lakini nazo huweza kuzuiwa iwapo sehemu mojawapo imefunikwa na chaperonini 60. Kwa hiyo uchaguzi wa kingamwili ni uchaguzi wa hali ipi ya protini itahesabiwa.

Pili ni chanzo cha sampuli. Protini iliyosafishwa kutoka chembe sahani haiwezi kupimwa katika seramu bila kujiuliza chembe sahani zilifanya nini damu ilipoganda. Seramu hupatikana baada ya kuganda, na wakati wa kuganda chembe sahani huamshwa na kumwaga vilivyomo. Plazima iliyotenganishwa kwa uangalifu na seramu iliyokaa muda mrefu kwenye tyubu zinaweza kutoa majibu tofauti kwa mtu yuleyule, siku ileile. Jaribio litakuwa limepima kwa usahihi, na mtafiti atakuwa amekosea.

Tatu ni kufanana kwa protini hii miongoni mwa mamalia. Mnyama anayechanjwa huiona karibu kama ya kwake, na mwili wake husita kuitengenezea kingamwili. Sehemu za protini zinazoweza kulengwa huwa chache, na jozi nzuri ya kingamwili huwa ngumu kupatikana.

Nne ni udhaifu wa sandwichi yenyewe. Baadhi ya watu wana kingamwili za asili zinazozishika kingamwili za wanyama. Hizo huunganisha mkate wa juu na wa chini bila nyama katikati, na tokeo huwa chanya pasipo na kitu. Kinyume chake, antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi hujaza kingamwili za pande zote mbili kila moja peke yake, na ishara hushuka. Mashahidi wawili nao wanaweza kudanganywa, ingawa ni vigumu zaidi kuliko kumdanganya mmoja.

Juu ya yote hayo kuna jambo lisilorekebishwa kwa ufundi. Jaribio la roseti, pamoja na udhaifu wake wote, liliuliza kuhusu tendo. Sandwichi huuliza kuhusu kuwapo. Protini iliyopoteza uwezo wake inaweza kuwa bado na sehemu mbili zinazotambuliwa na kingamwili, na itahesabiwa sawa na iliyo hai. Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni kipimo cha haraka cha malaria kinachotambua protini ya HRP2, ambacho nacho ni sandwichi iliyojengwa juu ya ukanda. Protini hiyo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na mgonjwa aliyepona huonekana bado anaumwa. Kipimo hakidanganyi, protini imo. Kosa ni kulichukua jibu la swali moja na kulipa swali jingine.

7.0 Hitimisho

Historia ya chaperonini 10 haionyeshi kipimo kibaya kikishindwa na kizuri. Inaonyesha maswali mawili yaliyobeba jina moja. Katika swali la kwanza, kipengele cha ujauzito wa mapema kilikuwa tendo, na tendo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa sababu lilidai kusema jambo kuhusu mimba ambayo hakuna kipimo kingine kilichoweza kuiona. Katika swali la pili, chaperonini 10 ni kitu chenye uzito, na kuwapo kwake kunaweza kuandikwa kwa namba na kurudiwa katika maabara nyingine. Kilichopatikana ni uwezo wa kusahihishana. Kilichoachwa nyuma ni tendo lenyewe, pamoja na swali la siku za kwanza za mimba ambalo namba peke yake hailijibu.

Utafiti wa mwaka 1988 kuhusu hCG unabaki kuwa mfano wa kuigwa, kwa kuwa uliufanya mpaka wa kipimo kuwa mpaka wa dai. Tafiti zinazopima chaperoni wenza kwa sandwichi zingefaidika kwa kufanya vivyo hivyo: kutaja kingamwili zilizotumika na sehemu zinazolengwa, kueleza kama sampuli ni seramu au plazima na ilishughulikiwaje, na kutenganisha wazi kiasi cha protini na kazi yake. Mwanamke aliyeambiwa kwamba mimba yake ilikuwapo na ikapotea alistahili kujua ushahidi huo ulitoka kwa mashahidi wangapi, na waliulizwa swali gani.